Hesabu viini kabla ya kulipia leseni ya seva

Kuna mama mwenye nyumba ya wageni Shela, alinipa karatasi ya bei aliyoletewa na muuzaji: Windows Server (mfumo endeshi wa seva) viini 16, SQL Server Standard (programu ya kutunza database) viini 16. Viini ni Cores, sehemu za prosesa zinazofanya kazi. "Mwanangu, hebu nitazamie, hesabu hii imekaa sawa?" Nusu yake ilikaa sawa. Hivi ndivyo nilivyoikagua.

Hatua ya 1: Ihesabu mashine mwenyewe. Kwenye Windows bonyeza Ctrl+Shift+Esc, Task Manager ikifunguka ingia Performance, kisha CPU. Kwenye Linux andika `lscpu`. Mashine ya Shela ilionyesha Sockets 1, Cores 8, Logical processors 16. Muuzaji alisoma mstari wa mwisho. Kiini kimoja huweza kushika nyuzi mbili za kazi kwa pamoja, ila SQL Server ikiwa kwenye mashine halisi, kinacholipiwa ni Cores. Punda wa hapa Lamu hubeba mchanga kwa shogi, mfuko huku na mfuko huku, na bado ujira ni wa punda mmoja.

(Ukiiweka kwenye mashine pepe, yaani kompyuta ya kuigizwa ndani ya mashine halisi, mambo hubadilika: huhesabiwa viini pepe, na havipungui 4.)

Hatua ya 2: Soma kila mstari wa karatasi peke yake. Hadi toleo la 2008 R2, SQL Server ililipiwa kwa soketi, yaani kwa prosesa nzima. Prosesa iwe na viini viwili au vinane, bei ile ile. Toleo la 2012 likaja na hesabu ya viini, pakiti za viwili viwili, visivyopungua 4 kwa prosesa. Kwa hiyo viini 8 ni pakiti 4, na mama alikuwa ameandikiwa 8.

Windows Server ina sheria yake. Tangu 2016 kima cha chini ni viini 8 kwa prosesa na 16 kwa seva. Hapo 16 ya muuzaji ilikuwa sahihi, ingawa mashine ina 8 tu! Mimi naona ni kuwaonea wenye biashara ndogo, lakini ndivyo mkataba ulivyo.

Hatua ya 3: Uliza leseni ya watumiaji. SQL Server Standard huuzwa pia bila kuhesabu viini: leseni ya seva moja pamoja na CAL, yaani leseni ya kuitumia seva, ya kila mtu au kila kifaa. Kwa mama, vifaa ni vinne.

Hatua ya 4: Pima data. Hii ningeifanya mwanzo. Buku la wageni la miaka sita halikufika GB 2. SQL Server 2022 Express, toleo dogo la programu ile ile, ni bure, kikomo chake GB 10 kwa database na viini 4. Tulihakikisha programu ya vyumba inaikubali, tukaufuta mstari wote wa SQL Server kwenye karatasi.

Express haina Agent, kipangaji cha kazi cha SQL Server, kwa hiyo nakala za akiba nilizipanga kwa Task Scheduler ya Windows na amri ya `sqlcmd`, saa nane usiku, ziende kwenye diski ya nje.