Vali ya moyo ikiwa mbaya: vitu vya kuweka sawa kabla ya kumeza dawa au kutoka jasho

Kabla ya yote jua ni vali gani na ina shida gani, maana kusema tu "nina tatizo la moyo" haimsaidii mtu yeyote. Vali, yaani milango ya moyo inayoruhusu damu ipite upande mmoja tu, ziko nne, kila moja inaweza kubana au kuvuja, na hatari yake inabadilika kabisa kutegemea hilo. Ukifanyiwa eko (kipimo cha moyo cha ultrasound) mwombe daktari akuandikie kwa maneno mepesi, ni vali ya aorta (mlango wa damu kutoka moyoni kwenda mwilini) au ya mitrali (mlango wa ndani ya moyo, upande wa kushoto), imebana au inavuja, na ni kali kiasi gani, halafu piga picha hiyo karatasi ikae kwenye simu.

Nakwambia hivi kwa sababu hii. Mlango wa vali ya aorta kwa mtu mzima mwenye afya ni kama sentimita 3 hadi 4 za mraba, ukishafika 1 kushuka chini hapo ndo wanasema imebana sana. Sasa ukipanda ngazi haraka haraka, mishipa ya miguuni inatanuka inadai damu, moyo wa mwenzako unaongeza kusukuma na maisha yanaendelea, wa kwako unasukumia kwenye kitundu, damu inayotoka haitoshi, presha inaanguka na wewe unaanguka nayo. Kwa hiyo ukizimia au ukibanwa kifua ukiwa kwenye shughuli usijiambie ni uchovu, hiyo ni ya kwenda hospitali siku hiyohiyo. Mitrali iliyobana ina tabia yake nyingine, yenyewe inataka muda, damu ipite taratibu kati ya pigo na pigo, mapigo yakienda mbio muda unakatika na maji yanaanza kujaa kwenye mapafu.

Sasa dawa zinaweza kukufanyia hayohayo ukiwa umelala kitandani kwako, na hapa ndo watu wengi hawaunganishi. Kidonge cha kuweka chini ya ulimi cha kutuliza kifua, dawa za nguvu za kiume kama sildenafil, hata dozi kubwa ya dawa ya kukojoza, zote zinashusha presha, na kama aorta imebana moyo hauna namna ya kufidia. Hizo mbili za kwanza ukichanganya ni hatari hata kwa mwenye vali nzima. Dawa za mafua za kuzibua pua zenye pseudoephedrine zinapandisha mapigo, mwenye mitrali iliyobana aulize kwanza. Diclofenac na ibuprofen ambazo tunameza kama pipi zinafanya mwili ushike maji, na ukiwa unatumia warfarin, dawa ya kuzuia damu isigande, zinakuongezea kutokwa damu. Warfarin yenyewe ina ugomvi na dawa kibao, metronidazole, fluconazole na cotrimoxazole zinaipandisha nguvu, rifampicin inaishusha, kwa hiyo ukianza au ukimaliza dozi yoyote ya hizo INR (kipimo cha damu kuonyesha inachukua muda gani kuganda) ipimwe mapema usisubiri tarehe ya kliniki. Na mwenye vali ya chuma asishawishike kuhamia dabigatran, dawa nyingine ya kuzuia damu isigande, eti haina kupimapima, ilijaribiwa kwa watu wa vali za chuma na jaribio likasimamishwa, walipata damu kuganda na kutokwa damu zaidi kuliko wa warfarin.

Kuna la sindano ya penisilini, ile ya kila wiki 3 au 4 kwa wenye moyo ulioharibiwa na homa ya baridi yabisi. Mwaka 2022 Chama cha Moyo cha Marekani kilitoa ushauri kwamba baadhi ya vifo baada ya sindano, ambavyo watu walidhani ni aleji, vinaelekea zaidi kuwa moyo dhaifu kushindwa presha ilipoanguka ghafla. Kwa hiyo mwenye vali mbaya sana amuulize daktari kuhusu vidonge badala ya sindano. Na anayechomwa anywe maji kabla, asiende na njaa, achomwe akiwa amelala na asikurupuke kuinuka. Ila usiache mwenyewe tu kwa woga, homa hiyo ya baridi yabisi ikirudi inaila vali tena.

Mazoezi sio kwamba yamekatazwa kwa kila mtu jamani, uliza kipimo chako. Kutembea huku unaweza kuongea sentensi nzima kwa wengi ni sawa, ila kunyanyua mzigo mzito huku umebana pumzi, kukimbia kushindana, kusimama ghafla baada ya kukimbia, hivyo viweke pembeni mpaka daktari wa moyo aseme. Ukitapika au kuharisha siku hiyo usifanye zoezi lolote, piga simu uulize kuhusu dawa ya kukojoza maana mwili umeshakauka. Na unayetembea naye ajue ile picha iko wapi kwenye simu, na namba ya kuifungua.