Lenzi imeingia vizuri, je, namba imetoka sawa? Namna ya kupima na kuboresha matokeo ya upasuaji wa mtoto wa jicho

Asubuhi ya kufungua bandeji, karibu kila mgonjwa hufurahi. Mtu aliyekuwa akishikwa mkono kwenda msalani, leo anahesabu vidole vyake mwenyewe; asifurahi vipi? Lakini furaha ile haipimi kazi yetu. Aliyekuwa anaona mwanga tu akifika 6/36 (anaona kwa mita 6 kile ambacho jicho zima huona kwa mita 36) anashukuru sawasawa na aliyefika 6/9, kisha anapanda gari la Mwika na hasi ya dayopta tatu (dayopta ni kipimo cha nguvu ya lenzi au miwani; hasi maana yake anaona karibu, mbali ni ukungu) ambayo hakuna aliyeipima.

Mimi napima macho kabla na baada ya thieta, hapa Moshi. Nawaandikia wenzangu wa vituo vya kawaida: wenye keratomita ya mkono (hupima mkunjo wa konea, kioo cha mbele ya jicho), A-skani ya kugusa (hupima urefu wa jicho kwa mawimbi ya sauti), na daktari anayefanya upasuaji wa kidonda kidogo usio na nyuzi. Huna haja ya kusubiri mashine ya bei kubwa inayopima jicho kwa mwanga ndipo uanze kujua matokeo yako. Unahitaji daftari na msimamo wa kulijaza.

Suala hili ni la zamani kama lenzi zenyewe. Harold Ridley alipopandikiza lenzi ya kwanza London mwaka 1949, alithibitisha kwamba jicho la binadamu linaweza kuishi na lenzi bandia, lakini mgonjwa wake alitoka na hasi inayozidi dayopta 15. Tangu hapo kazi imekuwa kukaribiana na namba tunayoilenga.

Kwa miaka mingi Shirika la Afya Duniani lilitushauri kwamba kati ya macho 100 yaliyofanyiwa upasuaji, angalau 80 yaone 6/18 au zaidi kwa miwani aliyonayo mgonjwa, na yatakayobaki chini ya 6/60 yasifike matano. Siku hizi kipimo cha matokeo mazuri kimepandishwa hadi 6/12. Ni malengo ya maana, ila yanachanganya mambo mengi: mgonjwa anaweza kuona vibaya kwa sababu ya presha ya macho au retina (pazia la nyuma ya jicho) iliyochoka, na lenzi yako ikawa sahihi kabisa. Ukitaka kujua kama vipimo na hesabu zako ni nzuri, pima tofauti kati ya namba ya miwani uliyoitabiri na iliyopatikana. Uingereza walijiwekea alama mwaka 2009: macho 85 kati ya 100 yawe ndani ya dayopta 1.00 ya utabiri, na 55 yawe ndani ya dayopta 0.50. Anza kwa kulinganisha kituo chako na alama hiyo.

Daftari kwanza

Safu ninazozitaka: namba ya faili, jicho la kulia au kushoto, urefu wa jicho, K zote mbili (namba za mkunjo wa konea kutoka kwenye keratomita) pamoja na nyuzi za mwelekeo wake, fomula ya kukokotoa nguvu ya lenzi, konstanti ya lenzi (namba maalumu ya kila aina ya lenzi), aliyepima, aliyepasua, mahali kidonda kilipowekwa, na nguvu ya lenzi iliyoingia. Halafu safu ambayo vituo vingi hawana: tumetabiri nini. Baada ya hapo acha nafasi ya kujaza mgonjwa akirudi.

Hiyo safu ya utabiri ndiyo roho ya daftari. Watu huandika "lenzi 21.0" wakadhani wamemaliza. Lenzi 21.0 si utabiri. Utabiri ni kusema: jicho hili, kwa lenzi hii, litabaki na hasi 0.42. Na uutoe kwa lenzi iliyoingia, si kwa ile uliyoipendekeza. Mara ngapi umeandika 20.5, stoo ikawa na 20 na 21 tu, daktari akachukua aliyoipata? Kwa hiyo kibandiko cha boksi la lenzi kibandikwe kwenye faili palepale thieta, nawe urudi kwenye hesabu kusoma mstari wa lenzi hiyo. Kama mfuko wa jicho unaoshika lenzi ulipasuka na lenzi ikawekwa mbele yake, andika pia, maana pale lenzi ya nguvu ya kawaida hupunguzwa dayopta 0.5 hadi 1.0. Jicho hilo lisichanganywe na mengine wakati wa kujumlisha.

Urefu wa jicho: hapa ndipo tunapotea

Kuna fomula ya mwaka 1980, SRK ya kwanza, ambayo leo hatuitumii kuchagua lenzi kwa sababu inakosea kwenye macho mafupi na marefu. Ila naipenda kwa kufundishia, kwa kuwa unaona wazi uzito wa kila kipimo: konstanti A, toa 2.5 mara urefu, toa 0.9 mara K. Chukua konstanti 118.4, urefu 23.5, K 43.5. Unapata lenzi 20.5. Sasa bonyeza konea kidogo kwa probu (kichwa cha A-skani kinachogusa jicho), urefu usome 23.2. Lenzi inaruka hadi 21.25. Sehemu tatu za kumi za milimita, na mgonjwa amebeba robo tatu ya dayopta ya nguvu asiyoihitaji. Kwa jicho la wastani, kosa la milimita moja huleta kosa la dayopta kama 2.5 hadi 3 kwenye miwani.

Ndiyo maana mkono wa mpimaji una maana kuliko fomula. Nafanya hivi. Keratomita inatangulia kila kitu, kabla ya tone la ganzi, kabla ya kupima presha ya jicho, kabla ya chochote kugusa konea. Mgonjwa apepese macho mara kadhaa ili machozi yasambae, kisha nasoma. Picha za duara zikiwa zimekatika au zinayumba, nasubiri. Narudia hadi namba ninazosoma zikubaliane. Baada ya hapo ndipo ganzi, na probu.

Mgonjwa nampa kitu cha kutazama kwa jicho lile lingine kama linaona. Probu naileta taratibu hadi iguse tu, mkono wangu umeegemea paji la uso wake. Macho yangu yanakuwa kwenye skrini, siyo kwenye namba. Nataka kilele cha mwangwi wa konea, cha mbele ya lenzi, cha nyuma ya lenzi, halafu retina inayosimama wima kama ukuta, na nyuma yake vilele vifupi vinavyoshuka vya sklera (ukuta mweupe wa jicho) na mafuta ya tundu la jicho. Retina ikipanda kwa mteremko au kwa vidaraja, probu haijalenga sawa. Vile vilele vya nyuma visipoonekana, huenda umelenga neva ya jicho, sogea. Kina cha chumba cha mbele kikipungua ghafla kwenye usomaji mmoja, umebonyeza. Ufute hata kama mashine imeukubali. Kwenye mtoto wa jicho aliyekomaa sana usiiachie mashine ichague yenyewe, kwa sababu inaweza kushika kilele kisicho cha retina.

Naacha angalau vipimo vitano vinavyotofautiana chini ya milimita 0.1. Kisha napima jicho la pili, hata kama halifanyiwi upasuaji. Macho mawili ya mtu mmoja yakitofautiana zaidi ya milimita 0.3 bila sababu ninayoijua, narudia yote mawili, na ikiwezekana mwenzangu ndiye anayerudia bila kuona namba zangu. Jicho la pili likiwa tayari na lenzi bandia, badilisha mpangilio wa mashine kabla ya kulipima. Na umeme ukikatika ukarudi, kagua mpangilio kabla ya mgonjwa anayefuata. Ni kazi ya sekunde chache.

Kama kituo chako kinaweza kupata kile kikombe cha plastiki kinachojazwa maji ili probu isiguse konea, kitafute. Kwa maoni yangu hakuna kifaa cha bei ndogo kinachorudisha faida kubwa kama hicho.

Upande wa fomula sitakaa sana. SRK/T iliyo ndani ya mashine nyingi inafaa kwa macho ya kawaida na marefu; kwa jicho lililo chini ya milimita 22 afadhali Hoffer Q. Ukiwa na intaneti, Barrett Universal II na Kane zinapatikana bure na zinafanya vizuri kwa urefu wa aina nyingi.

Muulize mgonjwa

Bibi mmoja wa Kibosho nilimsalimia shikamoo, akaitika marahaba mwanangu, nikamuuliza ni kitu gani angependa kukiona bila miwani. Akaniambia: "Nataka kuchambua mchele. Wajukuu wanalalamika mawe." Nilikuwa nimeshaandaa hesabu ya kuona mbali. Tulizungumza na daktari, tukalenga hasi 1.50, na barabarani atavaa miwani.

Dalali wa tanzanite wa Mererani anahitaji kuona jiwe mkononi. Mfugaji wa Simanjiro anahitaji kuona ng'ombe upande wa pili wa korongo. Lengo si lilelile. Ila liandikwe kabla ya upasuaji, kwa sababu hasi 1.50 iliyokusudiwa ni mafanikio na hasi 1.50 isiyokusudiwa ni kosa, na baada ya wiki sita hakuna atakayekumbuka ipi ni ipi.

Kumrudisha na kumpima

Kipimo cha miwani cha siku ya kwanza hakifai kwa hesabu hii. Konea bado imevimba. Kwa kidonda cha upasuaji wa mkono nasubiri wiki sita hivi. Napima kuona bila miwani, kisha kwa kitundu kidogo cha kuchungulia: akipanda kwa kitundu, tatizo kubwa ni namba ya miwani. Mashine ya otomatiki inanipa pa kuanzia, lakini namba ya mwisho inatoka kwa mgonjwa mwenyewe, lenzi baada ya lenzi.

Wengi hawarudi. Mama wa Same akijiona anatembea mwenyewe haoni sababu ya kulipa nauli tena. Kinachosaidia kwetu ni kupanga tarehe na yule ndugu aliyemleta, kuchukua namba yake ya simu, na kusema wazi kwamba siku hiyo ndiyo ya kupimwa miwani ya kusomea. Neno "miwani" linawaleta kuliko neno "kliniki". Kwa wanaokaa mbali, mfuate mgonjwa kwenye zahanati siku ambayo timu inakwenda huko. Na siku zote andika wangapi walipasuliwa na wangapi walipimwa. Asilimia nzuri ya walewale wachache waliorudi inaweza kukudanganya.

Kusoma namba

Tuseme tulitabiri hasi 0.42. Mgonjwa amekubali chanya 0.50 pamoja na silinda (nguvu ya miwani kwa asitigmatizimu, yaani konea isiyo na mkunjo sawa pande zote) hasi 1.50. Chukua namba ya kwanza, ongeza nusu ya silinda: 0.50 toa 0.75, ni hasi 0.25. Kosa ni kilichopatikana toa kilichotabiriwa: hasi 0.25 toa hasi 0.42, yaani chanya 0.17. Jicho zuri hilo. Macho yenye matatizo ya upasuaji, au yasiyofika 6/12 hata kwa miwani, yaweke pembeni, kwa kuwa majibu yao ya miwani si ya kutegemewa.

Sasa angalia vitu viwili, na usivichanganye. Cha kwanza ni wastani wa makosa ukiacha alama za hasi na chanya zilivyo. Cha pili ni ukubwa wa makosa bila alama: yapange kutoka dogo hadi kubwa, usome la katikati, na uhesabu mangapi yako ndani ya 0.50 na ndani ya 1.00.

Wastani ukiwa hasi 0.50 na macho karibu yote yamejikusanya hapo, una kosa moja linalojirudia. Usikimbilie kubadilisha konstanti. Uliza kwanza kama mnabonyeza konea, maana kubonyeza hufupisha jicho na kuleta hasi. Maji au jeli katikati ya probu na konea hufanya kinyume. Kagua keratomita kwa ile tufe ya chuma ya kusahihishia. Mkono na mashine vikiwa safi na hasi imebaki, ndipo konstanti. Ipunguze kama 0.7 kwa kila hasi 0.50, kwa sababu dayopta moja kwenye lenzi inakuwa kama 0.7 kwenye miwani. Usifanye hivyo kwa macho kumi. Nataka angalau 40 ya lenzi ya aina moja, na yakifika 100 ni bora zaidi. Lenzi ya kampuni nyingine ikiingia stoo, hesabu inaanza upya.

Wastani ukiwa sifuri lakini makosa yametapakaa huku na huku, konstanti haitakusaidia kitu. Panga daftari kwa mpimaji, kisha kwa urefu wa jicho, kisha kwa siku za kambi za upasuaji na siku za kawaida. Mara nyingi chanzo kinajitokeza chenyewe: mpimaji mpya ambaye hakuna aliyekaa naye, au kambi ambako K zilisomwa haraka jioni. Lisomeni pamoja na daktari kila mwezi, faili likiwa mezani, bila kumtafuta wa kumlaumu. Mtu akiogopa ataacha kuandika macho mabaya, na hayo ndiyo mnayoyahitaji.

Silinda ifuatilie peke yake. Kidonda cha juu hulegeza konea kwa wima, na wazee wengi tayari konea yao ni kali kwa mlalo, hivyo tunawaongezea asitigmatizimu. Keratomita ya kabla na ya baada itakuonyesha kidonda cha daktari wako kinaongeza kiasi gani. Ukiwa na namba hiyo, mazungumzo ya kuhamishia kidonda upande wa sikio kwa macho kama hayo yanakuwa mepesi.

Na mgonjwa akija kwa jicho la pili, fungua ukurasa wa la kwanza kabla hujashika probu. Kama lilikosea na vipimo vyote vimerudiwa vikawa sahihi, rekebisha lengo la jicho la pili kwa nusu ya kosa hilo, si lote. Jicho la kwanza likitoka hasi 0.80 kuliko utabiri, la pili lipange kana kwamba litatoka hasi 0.40 zaidi, uchague lenzi kwa hapo, na uandike kwenye safu kwamba umerekebisha.