Jinsi ya kujiweka tayari kwa kifo na kurudi kwa Yesu, tuanzie hapo nyumbani kwako

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Mimi ni mzee wa kanisa, na kazi inayonitoa nyumbani mara nyingi kuliko zote ni misiba, nimekaa kwenye maturubai mengi sana, na kuna misiba miwili sijaweza kuisahau maana ilifuatana ndani ya mwaka mmoja.

Wa kwanza ni wa mama yangu mkubwa. Alikuwa anauza vitumbua asubuhi pale barazani kwake, presha ikampanda usiku, kabla hakujakucha akawa ametutoka. Tulipofungua sanduku lake kutafuta kitambulisho tukakuta daftari la shule, yale ya kurasa 80 yenye tebo ya kuzidisha kwenye jalada la nyuma, ameandika kwa peni ya bluu herufi kubwa kubwa: Mangi wa dukani namdai hamna, nadaiwa 4,500 ya unga. Mama wa chumba cha pili 10,000, nimemsamehe asisumbuliwe. Kikoba hisa 12, muulizeni mweka hazina. Na chini kabisa, kitenge cha kunivika kiko chini ya godoro upande wa ukutani. Tulilia, lakini siku ile hamna aliyegombana na mtu. Kaka yangu akaenda kwa Mangi na ile 4,500 mkononi, yule kijana akaipokea kwa mikono miwili akabaki kuiangalia tu.

Msiba wa pili ulikuwa wa baba mmoja tuliyemheshimu sana kanisani, aliyekuwa anafundisha unabii wa siku za mwisho, alama za nyakati alizijua zote kwa kichwa. Mwili ulikaa mochwari siku sita kwa sababu ndugu hawakuelewana azikwe wapi, siku ya nne akatokea mama na watoto wawili wanaofanana na marehemu kabisa, mke halali akazimia, na hati ya kiwanja mpaka leo haijulikani iko kwa nani. Simhukumu, moyo wake Mungu ndiye anayeujua. Ila pale ndo nikaelewa kuwa mtu anaweza akajua kila kitu kuhusu siku ya mwisho na isimkute tayari. Kwa hiyo naandika hapa vitu vya kufanya, siyo vya kujua.

La kwanza, achana na tarehe. Yesu mwenyewe kasema siku ile hakuna aijuaye, hata malaika, ila Baba peke yake (Mathayo 24:36), sasa mtu akikujia na hesabu zake za mwaka na mwezi ujue anakuuzia kitu ambacho hana. Marekani kulikuwa na mhubiri William Miller, wafuasi wake wakashika tarehe 22 Oktoba 1844 kuwa ndo Yesu anarudi, wengine wakaacha mazao shambani bila kuvuna, ikafika usiku, kukakucha, wakabaki wanalia. Hapa kwetu Afrika Mashariki ilikuwa mbaya zaidi jamani. Kanungu kule Uganda, tarehe 17 Machi 2000, watu waliokuwa wameshauza mali zao wakisubiri mwisho wa dunia waliteketea kanisani, mamia, na watoto wakiwemo. Na Shakahola kule Kilifi, Kenya, 2023, watu walifunga kula wakiamini wanaenda kukutana na Yesu, miili zaidi ya 400 ikafukuliwa msituni. Sisemi haya kutisha mtu, nasema kwa sababu kule pia walianza kwa neno hili hili la kujiandaa. Mhubiri yeyote anayekwambia uache kazi, utoe mtoto shule, usimpeleke mgonjwa hospitali, au umkabidhi mali zako kwa sababu Yesu yuko karibu, ondoka hapo hapo na wanao, na ukitoka katoe taarifa. Wathesalonike nao kuna walioacha kazi, Paulo hakuwasifia, aliwaambia asiyetaka kufanya kazi na asile.

Soma tena ule mfano wa wanawali kumi waliomngoja bwana arusi na taa zao, Mathayo 25. Watu wengi wanaukumbuka kama wale watano wapumbavu ndo walilala, hapana, wote kumi walisinzia wakalala, hata wenye busara. Tofauti ilikuwa mafuta ya akiba tu, ambayo wenye busara waliyabeba mapema kabla usingizi haujaja. Mimi hii inanipa amani sana, manake ina maana kuwa tayari siyo kukaa macho usiku kucha na hofu, mtu aliye tayari analala kama wengine, ila mambo yake alishayaweka sawa. Na juu kidogo tu kwenye sura ya 24 Yesu anasema heri mtumwa yule bwana wake akija atamkuta akifanya hivyo, akifanya nini sasa? Akiwapa watu chakula kwa saa yake. Yaani anakutwa jikoni, anapakua.

Sasa mafuta yenyewe. Anza na toba, lakini toba ya kutaja. Ile ya "Bwana nisamehe yote niliyokosa kwa kujua na kutokujua" ni nzuri kwa kufungia sala ila usijifiche humo. Chukua usiku mmoja, zima simu, chukua karatasi, andika: nilimsingizia fulani kazini, nilitoa mimba na sijamwambia mtu, ile pesa ya jumuiya nilichukua. Mwambie Mungu moja moja, kwa jina lake. Kama ni Mkatoliki nenda kitubio na hiyo hiyo karatasi kichwani, kama ni Mlutheri au Mpentekoste na jambo linakulemea mtafute mchungaji mkae wawili. Halafu ichome karatasi, na ukiamka kesho usiichimbue tena, damu ya Yesu imelipa na hukuongeza chochote wewe. Hapa naomba nieleweke, haya mengine yote ninayoandika chini hayamnunulii mtu mbingu, ni matunda ya mtu aliyesamehewa. Zakayo yule mtoza ushuru hakusema atarudisha mara nne alichodhulumu ndo Yesu akaja nyumbani kwake, Yesu alikuwa ameshaingia ndani ndo Zakayo akasimama akasema.

Baada ya Mungu wanafuata watu, na hii ndo ngumu. Wengi tuna ndugu ambaye hatuongei naye miaka mitano, sita, tukikutana msibani tunasalimiana mbele ya watu basi. Usisubiri umuone kwenye jeneza. Mpigie, usimtumie meseji ndefu manake meseji inasomwa kwa sauti ya hasira ya anayeisoma. Na ukimpigia usianze kueleza nani alikosea nini mwaka gani, mtarudi kule kule. Sema hivi tu: "Mdogo wangu, nimekupigia siyo kwa ajili ya shida wala hela. Lile jambo la shamba nilikukosea kwa yale maneno niliyosema mbele ya watoto wako. Naomba unisamehe." Kisha nyamaza. Usiongeze "lakini na wewe". Akikata simu, umefanya sehemu yako, Paulo anasema kama yamkini, kwa upande wenu, mkae katika amani na watu wote, upande wake siyo wako, ila mwombee na baada ya miezi jaribu tena. Na kama uliyemkosea ameshafariki, tubu kwa Mungu, na kama ilikuwa ni mali basi watoto wake wapo, wapelekee.

Madeni. Andika yote, hata ya vocha. Hasa naomba tuangalie mshahara wa dada wa kazi na wa kijana wa shamba, hawa tunawaambia "nitakulimbikizia utachukua ukienda likizo" alafu anaondoka na nauli tu. Yakobo 5 inasema ujira wa vibarua uliozuiliwa unapiga kelele, na kelele zao zimefika masikioni mwa Bwana. Mtu anafunga siku 21 akiomba awe tayari kwa unyakuo na binti wa watu jikoni hajalipwa miezi minne, jamani. Lipa. Huna zote, lipa nusu na umwambie tarehe ya nusu nyingine. Waliokudai muda mrefu waombe radhi ya kuchelewa, na wale unaowadai ambao unajua kabisa hawana, wasamehe na uwaambie umewasamehe, usikae nayo moyoni.

Alafu wosia. Najua wengi mnaogopa, watu wanasema ukiandika wosia unajiita kifo. Isaya 38, mfalme Hezekia anaumwa, nabii anamwambia "tengeneza mambo ya nyumba yako", agizo lilitoka kwa Bwana, na Hezekia mwenyewe aliomba akaongezewa miaka 15, kwa hiyo kutengeneza nyumba hakujamuua mtu. Kwa hapa Tanzania unaweza kwenda RITA, ule wakala wa serikali wa usajili na udhamini, wanasaidia kuandika na wanatunza, au mwone wakili, taratibu za mashahidi watakuelekeza, ila shika hili, warithi wako wasiwe ndo mashahidi. Kwa Kenya msitegemee maneno ya mdomo, kwa sheria yao ya urithi wosia wa mdomo unasimama tu kama aliyesema amefariki ndani ya miezi 3 tangu aseme. Taja kila kitu: kiwanja na mkataba wake wa mauziano ulipo, akaunti za benki, hisa za kikoba, mafao, hela ya kwenye simu, na mtu wa kusimamia mirathi ambaye mwenzi wako anamwamini, siyo yule kaka mwenye sauti kubwa kwenye vikao vya ukoo.

Na taja watoto wote. Baba, kama una mtoto wa nje na mkeo hajui, sijui nikuambieje kwa upole zaidi ya hivi, mwambie ukiwa hai. Tafuta mchungaji au wasimamizi wenu wa ndoa wakae nanyi. Itauma, pengine nyumba itatikisika mwaka mzima, lakini utakuwepo kupokea hasira yake wewe mwenyewe badala ya kumwachia yule mtoto aipokee akiwa amesimama pembeni ya kaburi, kila mtu anamkodolea macho.

Kwenye mazishi andika unachotaka. Kama huna shida kuzikwa hapo hapo mjini andika, manake kusafirisha mwili mpaka Bukoba au Moshi ni fedha nyingi na watu wanakopa kwa kudhani ndo heshima uliyotaka. Sare, nyama, jeneza la vioo, sema kama hutaki. Ufufuo hautegemei umezikwa wapi. Mambo ya wafu wako wapi kwa sasa hivi siyagusi leo, Wasabato wanasema wamelala mpaka parapanda, Wakatoliki wanawaombea marehemu wao, wengine wanasema wako kwa Bwana moja kwa moja, ila hakuna hata mmoja kati yao ambaye fundisho lake linamruhusu kuacha kulipa deni.

Nigusie na wagonjwa maana hapa tunakosea sana. Familia inachelewa kumwita padre au mchungaji kwa kuogopa kwamba mgonjwa atajua hali ni mbaya. Ndugu zangu, anajua. Anajua kabla yenu. Mpako wa Wagonjwa siyo wa dakika ya mwisho, na Chakula cha Bwana kinaweza kuletwa kitandani akiwa bado anaweza kuitikia, Yakobo 5:14 anasema awaite wazee wa kanisa, yeye awaite, yaani ana nguvu ya kuita bado. Ukikaa naye usimwambie "utapona tu" kila akitaka kuongea, mtu anataka kusema jambo unamziba mdomo kwa maneno ya imani. Muulize, kuna mtu unataka kumuona? Kuna kitu unataka tukifanye? Nilikaa na mzee mmoja wiki tatu kila jioni, alichotaka ni kijana wake wa Mwanza tu, tukachanga nauli, kijana akafika Alhamisi, mzee akamwekea mkono kichwani hakusema kitu, Jumamosi akaondoka. Msomee Zaburi polepole, mshike mkono, mloweshe midomo kwa pamba. Na kama ni wewe unayeumwa na unaogopa, kuogopa siyo dhambi, Yesu alitoka jasho Gethsemane, na kwenye kaburi la Lazaro alilia.

Kila siku jioni dakika kumi zinatosha. Leo nimemkosea nani, nimemshukuru nani, nadaiwa nini. Jua lisichwe na uchungu wenu bado haujawatoka, basi kama umemjibu mkeo vibaya mchana usiuvushe usiku. Omba, lala.

Daftari nunua leo ukitoka kazini. Ukurasa wa kwanza madeni unayodaiwa, wa pili unaowadai na hisa zako za kikoba, wa tatu nyaraka ziko wapi, wa nne watoto wote kwa majina yao kamili, wa tano mazishi. Namba ya siri ya benki usiiandike humo. Liweke mahali pakavu, na umwambie mtu mmoja lilipo.