Kampala na watoto bila kumaliza pesa
Wenye mnaleta watoto Kampala likizo hii, msimalizie hela kwa maduka makubwa, tengeni siku moja mshuke Entebbe, ni kama kilomita 40 tu, pandeni taksi ya kawaida, yaani matatu, asubuhi mapema kabla jamu haijashika na yule mdogo mpakate usimlipie kiti. Anzeni na zuu wakiwa bado na nguvu, halafu bustani ya mimea iko karibu hapo, ya tangu 1898, ina mbega juu ya miti na nyasi za kukimbia hadi ziwani. Roleksi nunueni njiani, chapati na mayai ikiwa bado moto. Na nguo za kubadili jamani! Wangu alijitupa matopeni akarudi amelala bila suruali.