Datsun ya 1972 au Subaru ya 1998? Ya kuangalia kabla ya kununua gari la kuboresha Malindi

Kabla hujaanza kubishana kuhusu injini, jiulize gari litalala wapi. Hapa Malindi swali hilo lina uzito kuliko mwaka wa kutengenezwa. Nyumba ikiwa upande wa Casuarina, upepo wa kusi utalipiga gari chumvi miezi kadhaa mfululizo. Ukikaa Barani au kuelekea Ganda, afadhali kidogo. Banda la makuti linazuia jua, lakini hewa ya bahari inapita humo kama kawaida. Turubai la nailoni ndilo baya zaidi: unyevu unajifungia chini yake na bodi inatoka jasho usiku kucha. Kama huna ukuta na paa, maliza hilo kwanza, gari litasubiri.

Halafu kuna sheria, ambayo inakupunguzia uchaguzi. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika ambalo limepitisha miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Kwa hiyo la 1972 na la 1998 yote mawili utayatafuta humu humu nchini, na anayeliuza anajua fika kwamba huna pengine pa kwenda. Unachoweza kuagiza kutoka Japani ni spea. Kabla hujatoa hata arbuni, inama chini ya boneti ulinganishe namba ya chasisi na ya injini na zile zilizo kwenye logibuku. Magari ya aina hii hubadilishwa injini mara kwa mara, na kama mabadiliko hayakuandikishwa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, kesi hiyo utairithi wewe.

Tuanze na la zamani, ambalo wengi wetu tunalipenda kwa sababu ya mbio za magari za Safari Rally. Datsun 240Z ilishinda mwaka 1971 ikiendeshwa na Edgar Herrmann, ikashinda tena 1973 mikononi mwa Shekhar Mehta. Ni gari jepesi, lina uzito wa tani moja na ushei, injini ya silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, lita 2.4, kabureta mbili, na cheni ya taimingi, ile inayofungua valvu kwa wakati wake, badala ya mkanda. Ukifungua boneti unaona kila kitu, na mkono unaingia. Fundi mzee wa mjini ambaye hajawahi kushika kompyuta atakurekebishia kabureta kwa sikio na bisibisi. Ukitaka nguvu zaidi, injini ya lita 2.8 kutoka kwa mdogo wake, 280Z, inakaa pale pale bila kukatakata chuma. Huo ndio utamu wake.

Uchungu wake ni kutu, na hapa usiharakishe. Chukua sumaku ndogo, ifunge kwa kitambaa laini usije ukakwaruza rangi, kisha uipitishe polepole kwenye kingo za chini ya milango, kwenye madigadi ya nyuma, na kuzunguka mlango wa buti. Pale ambapo sumaku inateleza bila kushika, chini ya rangi kuna puti ya kuzibia, si bati. Inua zulia la miguuni, ugonge sakafu kwa kishikio cha bisibisi: bati zima linalia kikavu, lililooza linajibu kwa sauti ya kufifia, na wakati mwingine kishikio kinazama. Tazama pia chini ya betri, maana asidi iliyomwagika miaka hamsini hula kimyakimya. Vyuma virefu vinavyopita chini ya sakafu kutoka mbele kwenda nyuma ndivyo vinavyobeba 240Z. Vikiwa vimeoza, achana nayo, hata iwe imeng'arishwa namna gani. Muuzaji atakwambia, "Kaka, hiyo ni kutu ya juu juu tu." Mwitikie kwa heshima, uendelee kugonga.

Injini ni jambo la pesa na subira. Bodi iliyooza ni jambo la kuchomelea usiku na mchana, na bado chumvi itarudi. Ndiyo maana mimi huchagua bodi kwanza, iwe ya mwaka gani.

Sasa la karibuni. Subaru Impreza ya turbo, ile pampu inayosukuma hewa zaidi ndani ya injini, ya miaka ya tisini ina mafundi na spea kila mji wa Kenya, magurudumu yote manne yanavuta, na nguvu ambayo 240Z itaitafuta kwa gharama kubwa tayari imo. Lakini ni gari la waya. Kompyuta inategemea sensa, vile vipimo vidogo vinavyoiarifu hali ya injini, na sensa inategemea plagi ndogo ambazo hewa yetu inazipenda sana. Chomoa plagi moja ya sensa karibu na injini, uchungulie ndani kwa tochi. Pini za ndani zikiwa zimeota kijani, jua kwamba siku moja gari litakata nguvu hapo Mtwapa, fundi atabadilisha sensa nzima, na ugonjwa utabaki pale pale. Mashine ya kupima inakusomea dalili tu. Waya uliooza ndani ya ganda lake hauuoni.

Jambo la pili kwa Impreza ni mwenye gari aliyetangulia. La zamani mara nyingi lilikuwa la mzee aliyeliendesha pole. Hili limepita mikononi mwa vijana watatu au wanne, kila mmoja akiongeza presha ya turbo bila kugusa mafuta wala rejeta. Dai ipimwe kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa, kwenye silinda zote nne. Moja ikipishana na wenzake kwa zaidi ya asilimia kumi hivi, ondoka. Uliza mkanda wa taimingi ulibadilishwa lini, na utake risiti, kwa sababu ukikatika valvu zinagongana na pistoni na injini imekwisha.

Kuhusu joto, yote mawili yana kasoro. 240Z petroli huchemka kwenye mirija ukisimama juani, na haina eyakondisheni ya maana. Iliyofungwa enzi zile ilitumia gesi ya R12, iliyoondolewa sokoni kwa kuharibu ozoni. Impreza inapoa vizuri kama rejeta ni safi, na mara nyingi si safi.

Ukishanunua, pesa ya kwanza iende kwenye breki, sio turbo. Oili ya breki hunyonya unyevu, na Pwani unyevu haukosekani, kwa hiyo ibadilishe yote siku ya kwanza. Soma tarakimu nne za mwisho za alama ya DOT ubavuni mwa tairi: 2319 maana yake lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019, na limeshazeeka hata kama kashata zake, yale meno ya juu, bado nzima. Rimu za inchi 14 za Datsun zitakusumbua kupata tairi nzuri. Kulishusha gari chini, sahau. Matuta ya barabara ya Mombasa hayana huruma.

Mwenye kazi ya kila siku na gari moja tu, namshauri Impreza isiyo na turbo, aiboreshe taratibu. 240Z ni ya mwenye gari jingine la kwendea sokoni.

Safari ya majaribio ifanye saa saba mchana, si jioni. Nenda Gede na kurudi, kisha ukae na injini ikinguruma katikati ya tuktuk za mjini, huku unatazama mshale wa joto. Muuzaji akisema petroli haitoshi kufika Gede, mwekee wewe.