Kinga (baiskeli) ya vitesi (gia za kubadilisha) au ile isiyopumzisha miguu?

Hapa Goma, kila asubuhi nateremka kutoka mtaa wa Majengo hadi Birere kwa kinga, jioni napanda kurudi. Kijana akiniuliza anunue ipi, namuuliza kwanza anakaa wapi, maana njia ndiyo inaamua.

Kuna kinga ambayo gurudumu la nyuma limefungwa moja kwa moja na pedali: likizunguka, miguu nayo inazunguka. Usiichanganye na ile ya gia moja ya kawaida, ambayo mteremkoni unaacha kukanyaga nayo inaenda. Kuijua ni rahisi: inua nyuma, zungusha gurudumu la nyuma kuelekea mbele, pedali zikifuata, ndiyo hiyo. Niliazima ya rafiki wiki moja. Kwenye lami ni tamu, nyepesi, haina mengi ya kuharibika. Lakini kwenye mawe ya lava ya volkano ya Nyiragongo ya 2002 huwezi kuzuia pedali isishuke. Pedali iligonga jiwe kwenye kona, nikalala chini pamoja na mkate wa watoto.

Ukiipenda hata hivyo, hesabu meno ya gia: 44 mbele kwa 18 nyuma yanapanda vizuri kuliko 48 kwa 15. Na weka breki ya mbele, usitegemee miguu peke yake.

Mimi nina ya vitesi sita nyuma. Vumbi jeusi la volkano hula mnyororo, basi naufuta kila Jumamosi, kisha mafuta kidogo tu, maana mengi yanakamata vumbi. Kabla ya kulipa, ipandishe kilimani ukikanyaga kwa nguvu. Mnyororo ukirukaruka, huenda meno yamekwisha: mrudishie anayeiuza.