Ukipima joto mahsusi la chuma, angalia matone

Joto mahsusi ni joto linalohitajika kupandisha gramu 1 ya kitu kwa nyuzi 1. Wengi wakilipima na kupata jibu kubwa kupita kiasi hulaumu kipimajoto. Mara nyingi kosa ni maji yaliyong'ang'ania kwenye chuma kilipotolewa kwenye sufuria inayochemka. Gramu 1 tu ya maji hayo hubeba joto sawa na zaidi ya gramu 9 za chuma! Kikung'ute mara moja kwa uzi wake, kisha kitumbukize kwenye kalorimita (chombo chenye maji baridi kisichopoteza joto upesi) papo hapo. Usikipanguse polepole, kitapoa.

Maji ya kalorimita yawe machache, yafunike chuma tu. Chuma cha gramu 200 kikiingia kwenye gramu 150 za maji ya nyuzi 24, halijoto hupanda kama nyuzi 9. Kwenye gramu 400 hupanda 4 hivi, na hapo kosa dogo la kusoma linaharibu kila kitu. Koroga taratibu, usome kilele.

Halafu usiandike kwa mazoea kwamba chuma kilianza na nyuzi 100. Nairobi maji huchemka karibu nyuzi 94, kwa hiyo pima yale ya sufuria yenyewe. Vikombe viwili vya plastiki vilivyopachikana, na kifuniko cha boksi, vinatosha kabisa kuwa kalorimita.